Mwalimu Krauss na Farasi wa Samawati

Wako walimu wafundishao kwa maneno mengi, na wako wafundishao kwa kufunua pazia kidogo tu. Habari ya Eric Carle, mchoraji wa vitabu vya watoto, yatuonyesha nguvu ya hao wa pili.

Carle alizaliwa Syracuse, nchini Marekani, mwaka 1929. Mwaka 1935 wazazi wake, waliokuwa na asili ya Ujerumani, walihamia naye Stuttgart. Wakati huo serikali ya Hitler ilijitwalia hata haki ya kuamua rangi zipi ziwapendeze watu. Mwaka 1937 ilikusanya kazi za wasanii wa mtindo mpya, ikazitundika Munich ili umma uzidhihaki, ikaziita sanaa iliyopotoka.

Wakati wa vita, Fritz Krauss, mwalimu wa sanaa wa Carle, alimkaribisha kijana huyo nyumbani kwake, akamwonyesha kwa siri nakala za picha zilizokatazwa. Miongoni mwake alikuwamo farasi wa samawati wa Franz Marc. Kijana alishtuka, kwani hajapata kuona farasi wa rangi hiyo. Lau siri ingalivuja, mwalimu angaliweza kupotewa na kazi, na pengine na zaidi ya kazi.

Mwaka 1952 Carle alirejea Marekani, akafanya kazi ya picha za magazeti na matangazo. Tangazo lake moja, lenye kamba mkubwa mwekundu, lilimvutia mwandishi Bill Martin, na mwaka 1967 wakatoa pamoja kitabu chao cha kwanza. Mwaka 1969 kikafuata kile cha kiwavi mwenye njaa, kilichosomwa katika lugha nyingi za dunia.

Njia yake ilikuwa nyepesi. Alipaka rangi karatasi za shashi, akaziacha zikauke, akazikata kwa maumbo, kisha akazibandika kwa gundi. Ufundi huo wa kubandika, uitwao kolaji, Braque na Picasso walikuwa wameutumia Ufaransa mwaka 1912. Naye Matisse, alipodhoofishwa na maradhi uzeeni, alishika mkasi mahali pa brashi.

Watoto wafundishwao ufundi huu hupata faida kubwa. Kipande kilichokatwa chaweza kusogezwa huku na huku kabla ya kugandishwa. Kwa hiyo aogopaye penseli huona kwamba kosa si aibu bali ni hatua. Wala gharama si nyingi: gazeti kuukuu na mfuko wa unga hutosha. Lakini mwalimu na ajihadhari. Akiwapa wanafunzi arobaini kiwavi mmoja wa kuiga, atavuna viwavi arobaini mapacha, na mkono utakuwa umefanya kazi hali akili imelala.

Mwaka 2002 Carle na mkewe Barbara walifungua Amherst, katika jimbo la Massachusetts, jumba la picha za vitabu, lenye chumba ambamo wageni hukata na kubandika wenyewe. Mwaka 2011 alitoa kitabu juu ya mchoraji aliyechora farasi wa samawati, akamkumbuka Marc na mwalimu wake. Alifariki mwaka 2021.

Basi, msomaji, mtoto akikuletea ng'ombe wa zambarau aliyembandika kwa mikono yake, usiharakishe kumsahihisha. Krauss alijitia hatarini ili mtoto mmoja apate kuona rangi kama hiyo.