Nyangumi wa Longman na Pengo la Ramani ya Tanzania

Mwaka 1955 fuvu la nyangumi lilikutwa sakafuni mwa kiwanda cha mbolea mjini Mogadishu. Lilikuwa limetoka ufukweni Danane, kusini mwa mji huo, na nusura lisagwe. Lilikuwa la pili tu kujulikana duniani. La kwanza lilipatikana Mackay, Australia, mwaka 1882, na mwanasayansi Heber Longman akalieleza kitaalamu mwaka 1926. Kwa miongo mingi mafuvu hayo mawili ndiyo yaliyokuwa ushahidi wote unaokubalika juu ya Indopacetus pacificus, nyangumi mdogo wa mita sita hivi, mwenye mdomo uliochongoka.

Mwaka 2003 mtafiti Merel Dalebout na wenzake walitumia vinasaba na maumbile ya mafuvu kupitia upya vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa. Walimkuta nyangumi huyu katika vielelezo viwili vya Afrika Kusini, vya mwaka 1976 na 1992, katika fuvu kutoka Kenya, na katika jike aliyekwama Maldivi mwaka 2000. Zaidi ya hapo, makundi ya nyangumi ambao mabaharia na watafiti walikuwa wakiwaona katika bahari za joto bila kuwatambua yalikuwa ya spishi hiyohiyo. Mnyama aliyedhaniwa kuwa adimu kuliko nyangumi wote alikuwa akionekana muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa kumtambua.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Somalia na Kenya zimo katika orodha ya mahali alipopatikana, Afrika Kusini imo, Tanzania iliyo katikati haimo. Sioni sababu ya kibaiolojia ya pengo hilo. Utafiti wetu mzuri, kama ule wa pomboo wa Kizimkazi, Zanzibar, umefanyika karibu na nchi kavu, ilhali nyangumi huyu hukaa penye kina cha zaidi ya mita 1,000. Ramani inaonyesha tulipotazama, haionyeshi anapoishi.

Msomaji wa Songea asidhani jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Mto Ruvuma, unaoanzia milima ya Matogoro juu ya mji wake, humwaga maji katika bahari ambayo gesi imekuwa ikitafutwa chini yake. Gesi ya Zafarani iligunduliwa mwaka 2012 kusini mwa pwani yetu, chini ya maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000, na utafutaji wa namna hiyo hutumia sauti kubwa. Madagaska imekwisha kuonja madhara yake. Mwaka 2008 nyangumi wadogo wapatao 100 wa spishi nyingine, Peponocephala electra, waliingia katika wangwa wa Loza na wengi wakafa. Jopo huru la wanasayansi liliripoti mwaka 2013 kuwa chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli ni mtambo wa kupima kina kwa sauti. Tathmini ya mazingira inayosoma ramani tupu kama bahari tupu itaruhusu madhara yasiyoonwa na yeyote.

Basi nawasihi walimu, wavuvi na maofisa uvuvi wa Mtwara na Lindi: nyangumi akikwama ufukweni, msimzike kabla ya kumpiga picha kichwa na meno. Kateni kipande cha ngozi mkihifadhi kwa chumvi, na fuvu lipelekwe Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar.