Majina ya Wavulana wa Pwani

Majina ya kiume ya Waswahili yamelaliana kwa matabaka, na lililo chini kabisa ni la Kibantu. Mengi ya tabaka hilo yalianza kama vyeo: Fumo ni mkuki, tena ni mtawala, Mwinyi ni mwenye mji. Uislamu haukuyafuta. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na tangu enzi hizo majina ya Mtume na maswahaba yaliingia yakakaa ubavuni mwa yale ya kale. Fumo Bakari, sultani wa Witu aliyeshambuliwa na Waingereza mwaka 1890, aliyabeba yote mawili.

Ulimi wa Pwani hupenda neno liishie kwa irabu, ndiyo maana Uthman akawa Athumani, Umar akawa Omari, Rajab akawa Rajabu. Mrima, yaani pwani ya bara, husema Hamisi. Unguja imeshikilia Khamis.

Hazina kubwa ni kalenda. Mtoto wa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Hamisi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi. Wa sikukuu ni Idi, wa msimu wa hija ni Haji. Kwa kuwa mwezi mwandamo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, Ramadhani mmoja huzaliwa kaskazi, mwingine kusi. Hata hivyo jina si cheti: mjukuu hurithi la babu, siku iwe yoyote. Mshairi Shaaban Robert huandikwa kuwa alizaliwa 1 Januari 1909, na siku hiyo iliangukia Mfungo Tatu, mwezi wa hija. Kwa mwezi tu, angekuwa Haji.

Watumwa walipewa majina ya heri na ya vito, kama Mabruki, Feruzi na Almasi, ambayo waungwana kwa kawaida waliyaepuka. Mubarak Bombay, Myao aliyefuatana na wapelelezi Burton na Speke kuelekea bara mwaka 1857, alipata lake katika utumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wako waliojichagulia majina mengine.

Siku hizi wazazi wengi wanarudia umbo la Kiarabu. Nyumba moja huwa na babu Athumani, na mjukuu aliyerithi jina lake ameandikishwa shuleni Uthman.