Kanda Iliyochezwa Kinyumenyume

Leo nataka tuzungumze juu ya sanamu, wala si zile za mti ambazo nabii Isaya alizicheka katika sura ya 44, bali hizi zinazoingia nyumbani mwetu kwa njia ya nyimbo, senema na mpira. Na kwa kuwa jambo hili limehubiriwa sana, tena mara nyingi limehubiriwa vibaya, yafaa tuanze na historia yake.

Mwaka 1957 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, James Vicary, aliwaita waandishi wa habari akawaambia jambo la kutisha. Alidai kwamba katika jumba la senema huko New Jersey alikuwa amepenyeza kati ya picha maneno ya kuwaagiza watazamaji wale bisi na kunywa Coca-Cola. Maneno yalipita upesi mno, jicho lisiweze kuyatambua, na bado, alisema, mauzo ya bisi yakapanda sana. Watu wakaingiwa na hofu kubwa. Mwaka 1962 bwana huyo akakiri mwenyewe kwamba habari alizokusanya zilikuwa chache mno, zisizofaa kitu. Lakini maungamo hayana mbio kama uvumi. Mpaka leo wako wahubiri wanaolitaja jumba lile la senema mimbarani.

Baadaye hofu ikahama kutoka jicho hadi sikio. Mwaka 1966 John Lennon wa bendi ya Beatles alisema kwamba wao walikuwa wamependwa kuliko Yesu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani vijana wakachoma santuri zao motoni. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1969, msikilizaji mmoja alipiga simu kwa redio ya Detroit, akamwambia mtangazaji aicheze santuri ya Beatles kinyumenyume, kwani humo mna habari kwamba mwenzao Paul McCartney amekufa. Maelfu wakasadiki. Naye Paul alikuwa shambani kwake Scotland, mzima wa afya! Ni kweli kwamba Beatles waliwahi kuweka sauti iliyogeuzwa mwishoni mwa wimbo wao "Rain" wa 1966, lakini ulikuwa mchezo tu wa studio. Ikafika 1982, kamati ya Bunge la jimbo la California ikaketi kusikiliza wimbo "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin ukichezwa nyuma mbele, kutafuta jina la Shetani. Mwaka uliofuata Bunge la Arkansas likapitisha mswada wa kutaka santuri za namna hiyo zibandikwe onyo, na Gavana Bill Clinton akakataa kuutia sahihi.

Sasa sikilizeni neno hili, maana ndilo lililonifungua macho mimi. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Kanada, Vokey na Read, walichapisha uchunguzi wao. Walichukua maneno yaliyorekodiwa, Zaburi ya 23 ikiwa mojawapo, wakayageuza, wakawasikilizisha watu. Watu hawakuweza kujua maana yake, hata kama ilikuwa nzuri au mbaya. Lakini walipoambiwa mapema, "Sikilizeni, mtasikia maneno fulani," wengi wakayasikia. Yaani maneno hayakutoka katika kanda. Yalitoka kwa yule aliyewaambia.

Nilipoyasoma hayo nikiwa chuo cha theolojia, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Ndugu zangu, mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Mtakumbuka, ninyi wa rika langu, zilivyokuwa siku zile. Mwezi wa Oktoba 1994 Rais Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada ya Shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na kila shule ilikuwa na uvumi wake. Akaja mhubiri mgeni na redio kaseti kubwa. Kwanza alituambia tutakayosikia. Kisha akacheza kanda kinyumenyume, nasi tukasikia, tukalia. Jioni ile tulileta kaseti zetu zikachomwa nyuma ya jiko la shule. Mvulana mmoja tu wa bweni letu alikataa kuleta ya kwake. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu. Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu nikasema kwamba usiku nimemsikia akinong'ona maneno yale yale ya kwenye kanda.

Baba yake aliitwa. Kabla ya mwezi kwisha, mvulana yule hakuwa tena shuleni.

Naliita jambo hilo kwa jina lake: nilivunja Amri ya Tisa, nikiwa na Biblia kwapani. Tulikuwa tunatafuta Shetani ndani ya kaseti, kumbe mshitaki wa uongo alikuwa ameketi juu ya kitanda cha chuma akikariri mistari ya mashindano.

Mtaniuliza, Je, mchungaji, wataka kutuambia nyimbo hazina madhara? La, hasha. Mwaka 1990 huko Reno, Nevada, bendi ya Judas Priest ilishtakiwa kwamba wimbo wao ulikuwa na agizo la siri lililowafanya vijana wawili wajaribu kujiua siku mbili kabla ya Krismasi ya 1985. Hakimu akaamua kwamba maneno yale yaliyodhaniwa yalikuwa sauti zilizogongana kwa bahati tu, wala bendi haikuyakusudia. Lakini mle mahakamani yalisemwa mengine yasiyohitaji mtambo wa kuyasikia: pombe, bangi, shule iliyoachwa, kipigo nyumbani. Nani alikuwa ameyasikiliza hayo mapema?

Sanamu za leo hazijifichi. Mwaka 2001 Waingereza walianzisha shindano la waimbaji katika televisheni wakaliita Pop Idol. Wamarekani wakaiga 2002, na 2008 tukapata la kwetu, Idols East Africa. Sanamu, kwa jina lake kamili! Kabla ya hapo, mwaka 2006, lilianza Nairobi shindano la Tusker Project Fame, na jina la pombe likatangulia mbele ya jina la sifa. Na kijana asikilizapo mpira redioni siku hizi, anaambiwa waziwazi aweke shilingi zake apate mamilioni. Hakuna aliyemgeuzia kanda. Nasi wazazi twaketi pale pale tukisikiliza.

Fungueni Matendo 19. Demetrio mfua fedha hakuwanong'oneza wenzake. Aliwaambia peupe kwamba mali yao yatoka katika biashara ya mungu wao, na mji mzima ukakimbilia ukumbi wa michezo ukapiga kelele saa mbili. Na wale waliochoma vitabu vya uganga katika sura hiyo hiyo, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, walichoma vya kwao wenyewe, baada ya kuungama matendo yao wenyewe. Hapakuwa na aliyemshitaki jirani.

Mvulana yule nilimpata miaka michache iliyopita. Ni mtu mzima, fundi wa magari, ana wajukuu kunipita. Tuliketi kwenye benchi la gereji yake. Nilimwomba msamaha. Akaniambia sababu ya kukataa kuichoma kanda yake: upande wa pili dada yake alikuwa amerekodi kwaya ya akina mama wa kanisa lao, na mama yao alikuwa ndiye mwanzilishi wa nyimbo. Akanyamaza kitambo, akipangusa mikono. Kisha akaniuliza kama kweli usiku ule nilisikia neno lolote.

Nikamwambia, sikusikia kitu.