Uvuvi wa Ziwa Tanganyika na uchumi wa Tanzania

Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ni shughuli ya kuvua, kukausha, kusafirisha na kuuza samaki wa ziwa hilo. Upande wa Tanzania hufanyika katika mwambao wa mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa, kuanzia Kagunga kwenye mpaka wa Burundi hadi Kasanga karibu na mpaka wa Zambia. Zao lake linalojulikana zaidi nchini ni dagaa wa Kigoma.

Uvuvi huu ni mfano mzuri wa jinsi maliasili inavyochangia uchumi wa nchi inayoendelea. Mchango huo hautegemei wingi wa samaki peke yake. Unategemea pia kazi inayofanywa juu ya samaki kabla hawajavuka mpaka, na kiasi cha samaki wanaobaki majini kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Ziwa na samaki wake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake kinafikia takriban mita 1,470, hivyo ni la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi. Nchi nne zinalimiliki: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Tanzania na Kongo ndizo zenye sehemu kubwa. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga kuelekea bonde la mto Kongo.

Maji ya kina kirefu hayana oksijeni, kwa hiyo samaki huishi katika tabaka la juu na kandokando ya mwambao. Samaki wa biashara ni wa aina chache:

- Dagaa, ambao ni aina mbili: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Aina hiyo ya pili huitwa pia lumbu.
- Mgebuka (Lates stappersii), samaki mla nyama anayewafuata dagaa.
- Sangala, yaani aina kubwa zaidi za jenasi Lates.
- Kuhe (Boulengerochromis microlepis), anayependwa sana mezani.

Mbali na hao, ziwa lina aina nyingi za samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Baadhi yao huuzwa nchi za nje wakiwa hai kama samaki wa mapambo.

Dagaa huishi takriban mwaka mmoja tu na huzaliana haraka. Tabia hiyo ndiyo inayoliwezesha ziwa kutoa mavuno makubwa kila mwaka, mradi mayai na watoto wasalimike. Mgebuka hukua polepole zaidi, kwa hiyo huchelewa kurudi katika hali yake akivuliwa kupita kiasi.

Namna ya kuvua

Dagaa huvuliwa usiku. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, na mwanga huo huwakusanya dagaa chini ya chombo. Hapo zamani watu walitumia moto wa kuni na wavu wa kuchota wenye mpini, uitwao lusenga. Baadaye zilikuja karabai, na leo wengi wanatumia taa za umeme wa betri au wa jua.

Chombo cha kawaida upande wa Kigoma ni kipe. Ni mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, ikiwa na wavu unaoshushwa kati yake na kuinuliwa samaki wakishakusanyika. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo vyombo hubaki pwani. Siku hizo hutumika kushona nyavu na kutengeneza mitumbwi.

Historia

Biashara ya samaki katika eneo hili ni ya kale kuliko mipaka ya sasa. Chumvi ya Uvinza, iliyo mashariki ya ziwa, imezalishwa kwa zaidi ya miaka 1,000, nayo ilikuwa bidhaa muhimu katika masoko ya mwambao. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara, na misafara kutoka pwani ya Bahari Hindi ilifikia hapo.

Mwaka 1914 Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Kigoma. Meli ya Graf von Götzen iliunganishwa hapohapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa na kuanza tena kazi mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Reli na meli hizo hazikujengwa kwa ajili ya wavuvi. Hata hivyo ziliunganisha ziwa na soko la Dar es Salaam, takriban kilomita 1,250 kwa reli.

Kagunga

Kagunga ni kata ya Wilaya ya Kigoma iliyoko mpakani kabisa na Burundi, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Makazi yake yamebanwa kati ya milima na maji. Kwa muda mrefu njia kuu ya kufika huko imekuwa boti kutoka Kibirizi, mjini Kigoma.

Mwezi Mei 2015 Kagunga ilifahamika duniani kote pale makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokusanyika katika ufuo wake mwembamba. Kipindupindu kilizuka. Meli ya Liemba ilisaidia kuwasafirisha wakimbizi hadi Kigoma, na kutoka hapo walipelekwa kambi ya Nyarugusu.

Mazingira hayo yanaonyesha jambo la msingi la kiuchumi. Mvuvi wa Kagunga yuko karibu zaidi na wanunuzi wa Burundi kuliko alivyo na reli ya Kigoma. Akiuza dagaa wabichi ufuoni kwa mnunuzi kutoka ng'ambo, anapata fedha siku hiyohiyo, lakini kazi ya kuwakausha, kuwafunga na kuwasambaza inafanyika nchi nyingine. Wakikaushwa Kagunga, kazi hiyo inabaki kijijini.

Safari ya dagaa hadi sokoni

Vyombo hurudi alfajiri. Samaki hupokelewa kwenye mwalo, na mialo inayojulikana mjini Kigoma ni Kibirizi na Katonga. Wanunuzi wa kwanza mara nyingi ni wanawake, ambao huwakausha dagaa juani, juu ya mchanga au juu ya chanja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa samaki mbichi ni maji, zinahitajika takriban kilo 3 hadi 4 za dagaa wabichi ili kupata kilo 1 ya wakavu.

Chanja ni bora kuliko mchanga kwa sababu tatu: dagaa hukauka upesi, hawachanganyiki na mchanga, na huuzwa kwa bei nzuri. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huharibika, na hasara hiyo humwangukia mkaushaji aliyekwisha kumlipa mvuvi.

Dagaa wakavu hufungwa na kusafirishwa kwa malori au treni. Katika masoko ya Dar es Salaam bei yao kwa kawaida ni kubwa kuliko ya dagaa wa Mwanza, ambao ni samaki wa aina nyingine (Rastrineobola argentea) kutoka Ziwa Viktoria.

Jinsi mchango unavyohesabiwa

Wanauchumi hupima mchango wa shughuli kwa thamani iliyoongezwa, yaani bei ya kuuzia ukiondoa gharama ya vitu vilivyonunuliwa ili kufanya kazi hiyo. Mfano ufuatao ni wa kufundishia. Bei zake si za soko halisi.

- Mvuvi anauza dagaa wabichi kwa shilingi 100,000. Ametumia 40,000 kwa mafuta na taa. Thamani aliyoongeza ni 60,000.
- Mkaushaji ananunua kwa 100,000 na kuuza wakavu kwa 150,000. Ameongeza 50,000.
- Mfanyabiashara ananunua kwa 150,000, analipa usafiri 20,000, anauza Dar es Salaam kwa 220,000. Ameongeza 50,000.
- Msafirishaji amepokea 20,000 na kutumia mafuta ya 10,000. Ameongeza 10,000.
- Mchuuzi ananunua kwa 220,000 na kuuza kwa 260,000. Ameongeza 40,000.

Jumla ya thamani iliyoongezwa ni shilingi 210,000. Si sahihi kujumlisha mauzo yote, kwa sababu samaki walewale wangehesabiwa mara kadhaa. Kama dagaa hao wangeuzwa wabichi nje ya nchi kwa shilingi 100,000, Tanzania ingebaki na 60,000 tu za mvuvi.

Mfano huu unasaidia pia kuelewa takwimu za taifa. Katika Pato la Taifa la Tanzania, mchango wa sekta ya uvuvi umekuwa chini ya asilimia 2 katika miaka ya karibuni. Lakini takwimu hiyo inahesabu hasa kazi ya uvuvi wenyewe. Kazi za wasafirishaji na wachuuzi huingizwa katika sekta za usafirishaji na biashara. Hivyo idadi ya watu wanaoishi kwa samaki ni kubwa kuliko asilimia hiyo inavyodokeza.

Faida nyingine

Serikali hupata mapato kwa leseni za uvuvi na za vyombo, kwa ushuru unaotozwa na halmashauri, na kwa mrabaha wa samaki wanaouzwa nje. Fedha za kigeni za sekta hii nchini hutokana zaidi na sangara wa Ziwa Viktoria, wakati dagaa wa Tanganyika huliwa kwa wingi ndani ya nchi na katika nchi jirani.

Faida ya lishe haionekani kirahisi katika hesabu za fedha. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa, hivyo huleta protini na kalisi katika nyumba ambazo haziwezi kununua nyama mara kwa mara. Dagaa wakavu hukaa muda mrefu bila jokofu, na huweza kununuliwa kwa fungu dogo.

Kupungua kwa samaki

Katikati ya miaka ya 1990 mavuno ya ziwa zima yalikadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka. Baada ya hapo wavuvi wa nchi zote nne wamelalamika kwamba samaki wanapungua. Sababu zinazotajwa ni hizi:

- Ongezeko la wavuvi na vyombo, kwa kuwa watu wengi wasio na ardhi au ajira hukimbilia ziwani.
- Zana haramu, hasa makokoro na nyavu zenye macho madogo mno, ambazo hukamata watoto wa samaki kandokando ya ufuo.
- Udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti, ambao hufunika mazalia ya samaki.
- Kuongezeka kwa joto la maji. Maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliotolewa mwaka 2003, ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30.

Historia ya Burundi inatoa onyo. Meli za uvuvi wa kibiashara zilianza kazi huko katika miaka ya 1950, zikatumia nyavu kubwa za kuzungushia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 uvuvi huo ulikuwa umeanguka upande wa kaskazini, na baadhi ya meli zilihamia Mpulungu, Zambia.

Usimamizi

Nchini Tanzania uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Utafiti hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), yenye kituo Kigoma. Katika mialo, vikundi vya wananchi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa kifupi BMU, husaidia kukagua zana.

Kwa kuwa samaki hawana mpaka, nchi nne zilitia sahihi mkataba wa kusimamia ziwa mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mkataba huo ndio uliounda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao makuu Bujumbura.

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hoja ya kisayansi inaeleweka: samaki anayeishi mwaka mmoja anaweza kuongezeka haraka akipumzishwa. Lakini gharama yake haigawanyiki sawa. Mwenye vipe kadhaa anaweza kuwa na akiba au shamba. Kibarua wa chomboni na mama anayekausha dagaa hulipwa kwa siku, na siku bila samaki ni siku bila kipato. Vilevile, nchi moja ikifunga na nyingine ikaendelea kuvua, anayevumilia hapati faida yote ya uvumilivu wake.

Maliasili inayojirudia na hesabu za taifa

Dhahabu ikichimbwa imekwisha. Samaki ni maliasili inayojirudia: huweza kuvuliwa kila mwaka bila kikomo, iwapo wanaovuliwa hawazidi wanaozaliwa. Pato la Taifa la kawaida halitofautishi hali hizo mbili. Mwaka ambao wavuvi wamevua kupita kiasi huonekana katika takwimu kama mwaka wa neema, kwa sababu mauzo yameongezeka, na upungufu wa samaki ziwani hauondolewi popote katika hesabu.

Ni sawa na mkulima aliyekula mbegu zake akasema mwaka huu ameshiba. Kwa hiyo mchango wa Ziwa Tanganyika katika uchumi wa Tanzania unapaswa kupimwa kwa mambo matatu kwa pamoja: thamani inayoongezwa na kubaki nchini, jinsi kipato kinavyogawanyika kati ya mvuvi, mkaushaji na mfanyabiashara, na hali ya samaki wanaobaki majini.

Tazama pia

- Ziwa Tanganyika
- Mkoa wa Kigoma
- Ujiji
- Hifadhi ya Taifa ya Gombe
- MV Liemba
- Dagaa