Programu mstari

Programu mstari ni njia ya kihesabu ya kugawa kitu kichache, kama ardhi, fedha au siku za kazi, baina ya shughuli zinazokigombea, ili faida iwe kubwa kabisa au gharama iwe ndogo kabisa. Leonid Kantorovich aliiasisi Leningrad mwaka 1939, akitafuta namna ya kupanga kazi za mashine za plaiwudi. George Dantzig wa Marekani akabuni kanuni ya kuikokotoa mwaka 1947. Nchini Tanzania hufundishwa kidato cha nne, nayo inastahili kufika shambani.

Tuseme familia moja ya Kimamba, wilayani Kilosa, ina ekari 10, siku za kazi 240 za watu wa nyumbani, na shilingi 1,800,000 za trekta, mbegu na mbolea. Takwimu hizi ni za mfano. Ekari ya mahindi inakula siku 20 na shilingi 200,000. Ya ufuta inakula shilingi 100,000 tu, lakini siku 30: kuna palizi, kuna kupunguza miche, kisha lazima ukatwe kabla maganda hayajapasuka, ufungwe matita na kusimamishwa ukauke. Faida ni 300,000 kwa ekari ya mahindi, 400,000 kwa ya ufuta.

Ekari za mahindi tuziite m, za ufuta u. Lengo ni kukuza 300,000m + 400,000u. Mipaka ni mitatu: m + u isizidi 10, 20m + 30u isizidi 240, 200,000m + 100,000u isizidi 1,800,000. Wala m na u haziwi chini ya sifuri. Mistari hiyo ikichorwa huzingira eneo lenye pembe, na jibu bora hupatikana kwenye mojawapo ya pembe hizo. Mahindi ekari 6 na ufuta ekari 4 huleta 3,400,000. Ufuta mtupu, ekari 8, huleta 3,200,000. Mahindi matupu, ekari 9, huleta 2,700,000.

Chenye thamani kuliko jibu lenyewe ni kujua kinachobana. Kwa mahindi ekari 6 na ufuta ekari 4, ardhi na siku zimekwisha, lakini shilingi 200,000 zimebaki. Mkopo wa pembejeo hautaongeza chochote ila riba. Siku moja ya kazi ikiongezwa, sehemu ya kumi ya ekari huhama kutoka mahindi kwenda ufuta na faida hupanda kwa 10,000. Kibarua anayelipwa chini ya hapo anafaa kuitwa, na fedha ya kumlipa ipo.

Mikumi, kando ya barabara kuu ya Zambia, hesabu hubadilika. Mwenye magari ya kupeleka watalii katika Hifadhi ya Mikumi hanunui gari moja na nusu. Modeli yake hudai namba kamili, ambayo ni kazi ngumu zaidi.

Modeli pia hudhani bei haiyumbi na ekari zote ni sawa. Kilosa haziko sawa: mafuriko ya Mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yaliharibu reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Ufuta hauvumilii maji yanayotuama. Ikiwa familia ile ina ekari 3 tu za mwinuko, mpaka wa nne huongezwa: u isizidi 3. Jibu huwa mahindi 7, ufuta 3, na faida 3,300,000. Usalama wa ufuta umegharimu shilingi 100,000.