Namba Tasa, kwa Hesabu ya Watu wa Tana River

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River, kutoka Madogo hadi Garsen na Kipini. Sensa ya 2009 ilikuwa imepata 240,075. Namba hizi mbili zina tabia tofauti kabisa, na kwa tofauti hiyo namba tasa inaeleweka vizuri kuliko kwa kukariri maana yake.

Jumlisha tarakimu za 240,075, utapata 18. Basi inagawanyika kwa 3 na kwa 9. Inaishia na 5, kwa hiyo 5 pia imo. Ukizidi kuivunja unafika 3 × 3 × 5 × 5 × 11 × 97, na hapo hapavunjiki tena. Watu hao wangegawanywa sawasawa katika wadi 15 za kaunti, kila wadi ingepata 16,005, bila hata mmoja kubaki.

Namba ya 2019 ni kaidi. Igawe kwa 3, inabaki 1. Kwa 5, inabaki 3. Kwa 7, inabaki 5. Unazipita 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31 bila kufanikiwa, mpaka 37 inapoifungua: 37 × 8,539.

Je, 8,539 nayo inavunjika? Hakuna haja ya kujaribu kila namba. Kipeuo chake cha pili hakifiki 93, na namba inayovunjika haikosi kigawo tasa kisichozidi kipeuo hicho. Zinabaki namba tasa 24 tu za kujaribu, kuanzia 2 hadi 89, na kila moja inaacha baki. Hivyo 8,539 ni tasa: vigawo vyake ni viwili tu, 1 na yenyewe.

Istilahi hii imezoeleka katika shule za msingi za Tanzania. Kenya hufundisha hisabati kwa Kiingereza, ingawa kwa wafugaji wa Garsen neno lenyewe si geni: ng'ombe tasa ni asiyezaa. Linafaa kwa anayegawa, kwa sababu namba hiyo haitoi vigawo vipya. Kwa anayezidisha linapotosha. Kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa, ama imezaliwa na tasa zilizozidishwa, tena kwa njia moja tu ukiacha mpangilio. Ndiyo maana 1 haihesabiwi kuwa tasa. Ingehesabiwa, ungeweza kuiongeza utakavyo na njia hiyo moja ingepotea. Waarabu huziita namba za kwanza, na hapo wametuzidi.

Neno letu libaki, lakini lifundishwe kwa pande zote mbili. Mwalimu wa Garsen, chukua idadi ya wanafunzi wa shule yako, uwape waivunje mpaka zibaki tasa tupu, kisha wazizidishe kuirudisha.