Papa wa Chumvi: Elimu ya Pwani Iliyotangulia Maabara

Mpishi wa Magongo, Mombasa, kama mwenzake wa Likoni au Kisauni, hamtii papa mkavu chunguni kabla ya kumroweka. Humo bakulini maji huingia nyamani na chumvi hutoka. Aliyemtengeneza papa huyo alifanya kinyume chake: alimpasua, akampaka chumvi, maji yakachuruzika. Wanasayansi huita safari hiyo ya maji osmosisi. Maji hupenya utando wa seli kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda wenye chumvi nyingi, na seli haitumii nguvu yake hata chembe. Chumvi nayo, ikipata upenyo, husambaa kutoka palipo tele kwenda palipo haba. Kwa hiyo ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa, na papa wanastahili kuhesabiwa katika historia ya elimu hii, wala wasiachiwe historia ya mapishi peke yake.

Ushahidi haukosekani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula cha wenyeji kilikuwa hasa ndizi na samaki. Katika karne ya 19 na ya 20, majahazi ya Hadhramaut na Oman yalishuka na kaskazi yakiwa na papa wa chumvi, shehena iliyostahimili joto la safari ndefu. Upande wa maabara, huko Ufaransa, mwaka 1748, mwanasayansi Jean-Antoine Nollet alijaza chombo pombe kali, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini, kibofu kikafura kwa maji yaliyopenya. Mjerumani Wilhelm Pfeffer alipima nguvu ya msukumo huo na kuchapisha matokeo mwaka 1877. Mwaka 1992 Mmarekani Peter Agre alithibitisha kuwa utando wa seli una milango maalumu ya maji, na mwaka 2003 akatunukiwa Nobeli.

Atasema mtu kwamba kazi yote ni ya jua. Sivyo: samaki aliyetiwa chumvi hutoa maji hata kivulini, na bakteria walio juu yake hunyonywa maji yao kwa njia ile ile. Hoja nzito zaidi ni kwamba kujua kutenda si kujua sababu. Hilo nalikubali, na tofauti hiyo huokoa maisha: kwa kujua sababu, madaktari hutundika dripu yenye chumvi asilimia 0.9, maana maji matupu yakiingia mshipani hupasua chembe nyekundu za damu. Lakini Nollet naye aliona tokeo kabla utando wa seli haujajulikana, na vitabu vinamtaja kwa heshima. Kipimo kikiwa hicho, mvuvi wa Pwani naye ana nafasi yake.

Basi, mwalimu wa bayolojia wa Changamwe, kabla hujachora utando ubaoni, weka mezani kipande cha papa na bakuli la maji. Wanafunzi wako watagundua kuwa somo hilo walilianza nyumbani.